Sumaku za kudumu zinatengenezwaje kiwandani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mafundi wanaosuka mota, wanaofungua spika na siku hizi wanaohangaika na pikipiki za umeme wanauliza maswali yaleyale kuhusu sumaku, na karibu yote yanatoka kwenye dhana moja, kwamba kuna mashine mahali fulani unatumbukiza chuma upande huu kinatoka sumaku upande wa pili. Mashine ya namna hiyo ipo kweli na nimeieleza hapa chini, ila yenyewe kazi yake ni ya mwisho kabisa na inaisha kabla hujapepesa jicho. Sumaku kali inaamuliwa mapema zaidi, ikiwa bado ni unga. Ukilielewa hilo mengine yote yatakuelea.

Kwani sumaku haichimbwi ardhini ikiwa sumaku tayari?

Kuna jiwe linaitwa magnetaiti ambalo lina usumaku wa asili, ila ni dhaifu, halina kazi kwenye mota. Sumaku zote unazokutana nazo mtaani zimetengenezwa na binadamu na ziko familia nne kubwa.

Feraiti ndiyo ile nyeusi ya nyuma ya spika, ya ndani ya magneto ya bodaboda, na hata ule mpira wa mlango wa friji una unga wake ndani. Inatengenezwa kwa oksidi ya chuma (kutu kwa lugha ya nyumbani) ikichanganywa na madini ya stronshiamu au bariamu, ndiyo maana bei yake iko chini. Alniko ni alumini, nikeli, kobalti na chuma, mzee wake ni Mjapani Mishima Tokushichi mwaka 1931, utaikuta kwenye mita za zamani na spika za zamani. Samariamu-kobalti ni ghali na inavumilia joto kali, inaenda kwenye ndege na mitambo ya anga. Halafu neodimiamu, hiyo ndiyo kali kuliko zote zinazouzwa, iko kwenye simu yako, kwenye hard disk, kwenye mota ya tairi ya pikipiki ya umeme na kwenye baadhi ya mitambo mikubwa ya upepo. Maelezo mengi humu yatakuwa ya neodimiamu kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana, na kiukweli ndiyo yenye mambo.

Neodimiamu ina nini ndani yake?

Wengi wanadhani ni neodimiamu tupu. Hapana, kwa uzito sehemu kubwa ni chuma cha kawaida, kama theluthi mbili, neodimiamu ni karibu asilimia 30 na boroni asilimia 1 tu. Kwenye fuwele yake atomi 2 za neodimiamu zinakaa na 14 za chuma na 1 ya boroni. Chuma ndicho kinacholeta nguvu nyingi, neodimiamu ndiyo inayolazimisha nguvu hiyo ibaki imelala kwenye mhimili mmoja isigeukegeuke, na ile boroni kidogo ndiyo inayofanya fuwele isimame, bila hiyo huna kitu.

Nani aliigundua, na ni kweli Kongo inahusika?

Ni kweli kabisa na watu wa Lubumbashi na Kolwezi wanapaswa kuijua hii habari. Miaka ya 70 sumaku kali kuliko zote ilikuwa samariamu-kobalti, na kobalti ya dunia ilikuwa inatoka kwa wingi Zaire, mkoa wa Shaba, yaani eneo la Katanga. Mwaka 1978 vita vikafika Kolwezi, migodi ikasimama, bei ya kobalti ikapaa vibaya mno, na viwanda vya Marekani na Japani vikaanza kutafuta kwa haraka sumaku isiyohitaji kobalti, yaani itumie chuma ambacho kiko kila mahali.

Majibu yalikuja karibu wakati mmoja kutoka sehemu mbili. Japani alikuwepo Masato Sagawa, aliyehamia kampuni ya Sumitomo Special Metals mwaka 1982, yeye alifikiri kwamba atomi za chuma zimebanana mno na akiingiza atomi ndogo katikati zitapata nafasi, akajaribu boroni ikakubali. Marekani alikuwepo John Croat wa kampuni ya magari ya General Motors, yeye akapitia njia ya kumwaga myeyuko kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi. Wote walitangaza mwaka 1983. Njia ya Sagawa, ya kusaga unga na kuuoka, ndiyo inayotawala mpaka leo kwenye sumaku kali.

Nipe hatua zote za kiwandani, kuanzia mwanzo.

Haya, kaa vizuri maana ni ndefu.

Metali zinapimwa na kuyeyushwa kwenye tanuri la umeme ndani ya vakyumu (pasipo hewa) au gesi ya agoni, kwa sababu neodimiamu ya moto ikikutana na hewa inashika oksijeni papo hapo na hairudi tena. Myeyuko unamwagwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka huku likipozwa na maji, unaganda hapohapo na kudondoka kama magamba membamba ya unene wa karibu milimita 0.3. Kupoza kwa haraka hivi si kwa ajili ya kuwahi muda. Ukiacha upoe taratibu sehemu ya chuma inajitenga na kukaa kivyake ndani, na hicho chuma laini kikishabaki humo sumaku haitakaa na nguvu yake.

Magamba yanawekwa kwenye tangi linajazwa hidrojeni. Gesi inapenya, magamba yanavimba na kupasuka yenyewe bila nyundo wala chochote, ukifungua unakuta changarawe inayovunjika kwa vidole. Hidrojeni inatolewa kwa joto, halafu changarawe inaingia kwenye kinu ambacho hakina mawe, kina mikondo ya naitrojeni inayopiga kwa kasi kubwa sana kiasi kwamba vipande vinagongana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka vinakuwa unga wa maikroni 3 hadi 5. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unga huo ukiguswa na hewa unaweza kuwaka wenyewe, kwa hiyo kuanzia hapo kila kitu kinapita kwenye mabomba na masanduku yaliyofungwa yenye naitrojeni ndani, mfanyakazi anaingiza mikono kupitia glovu ndefu zilizoshonewa ukutani kwa sanduku.

Kisha presi. Unga unamiminwa kwenye kalibu, pembeni kuna koili kubwa za sumaku umeme, zinawashwa kwa uga (nguvu ya sumaku inayoenea pembeni mwa koili, kipimo chake ni tesla) wa karibu tesla 1.5 hadi 2 na chembe zote zinajigeuza, halafu ngumi ya presi inashuka uga ukiwa bado upo. Kabla ya kutoa, mashine inapeleka uga wa kinyume kidogokidogo ili bonge lisiwe na usumaku wa kung'ang'ania vitu. Bonge hilo bado ni laini, ukilishika vibaya linameguka kona. Viwanda vingi vinalifunga kwenye plastiki, wanatoa hewa, wanalizamisha kwenye mafuta au maji yenye presha kubwa ili ligandamizwe sawasawa pande zote.

Halafu tanuri, vakyumu tena, nyuzi 1,000 hadi 1,100 za Selsiasi kwa masaa kadhaa. Haliyeyuki lote, zinazoyeyuka ni sehemu ndogo zenye neodimiamu nyingi zilizo kati ya chembe, hizo zinatiririka na kuziba matundu. Bonge linasinyaa, na linasinyaa zaidi upande ule chembe zilipoelekea kuliko pande nyingine, kwa hiyo anayechora kalibu lazima aipigie hesabu tangu mwanzo. Baada ya hapo linapashwa tena kwa joto la chini zaidi, mwishoni karibu nyuzi 500, na hatua hii watu wanaidharau lakini ndiyo inayopanga vizuri ule ukuta mwembamba kati ya chembe na chembe, sumaku inapata uwezo wa kukataa kufutwa.

Mwisho linakatwa kwa waya zenye almasi, linasuguliwa, linapakwa nikeli na shaba na nikeli tena, au zinki, au epoksi, maana bila koti kutu inalila haraka sana hasa kwenye unyevu wa pwani. Na mpaka hapo bado si sumaku! Ukiligusisha na msumari hauvutwi.

Sasa kama presi inatia uga halafu tanuri linafuta usumaku wote, ya nini kuutia?

Hili ni swali zuri kuliko yote. Ni kweli joto la tanuri linafuta usumaku, neodimiamu inapoteza usumaku wote ikifika karibu nyuzi 310. Lakini presi haikuwa inatafuta usumaku, ilikuwa inatafuta mwelekeo. Kila chembe ya unga ni fuwele moja, na fuwele hii ina mhimili mmoja tu ambao usumaku unapenda kulala. Presi imezigeuza zote zielekee kibla kimoja na tanuri limezigandisha hivyohivyo, joto halizigeuzi tena.

Kinachobaki ni kwamba ndani ya kila chembe kuna maeneo madogo ambayo usumaku wake umelala kwenye mhimili huohuo, nusu yanatazama mbele nusu yanatazama nyuma, yanafutana na nje huoni kitu. Mashine ya kuchaji inakuja kuyalazimisha yote yatazame mbele.

Ukiruka hatua ya presi yenye uga chembe zinabaki ovyo ovyo, na hata uchaji kwa mashine kubwa kiasi gani utaishia karibu nusu ya nguvu. Na kwa sababu nishati ya sumaku inaenda kwa mraba wa nguvu hiyo, unabaki na karibu robo tu ya kazi. Hiyo ndiyo sababu sumaku mbili za saizi moja na rangi moja zinaweza kupishana sana, na duka halitakuambia.

Mashine ya kuchaji sumaku inafanyaje kazi?

Ni sanduku la kapasita kubwa (vifaa vya kutunza umeme kwa muda) pamoja na koili ya waya mnene wa shaba. Umeme wa ukutani unapandishwa na transfoma, unanyooshwa na daiodi, unajaza kapasita kwa sekunde kadhaa mpaka volti mamia au elfu kadhaa. Sumaku inawekwa katikati ya koili. Swichi ya thairista inaruhusu umeme upite, na kila kilichojazwa kinapita kwenye koili kwa milisekunde chache tu, ampea elfu nyingi, kwenye mashine kubwa makumi ya maelfu. Unasikia mlio mkavu, nyaya zinaruka, basi, kazi imeisha.

Tupige hesabu moja. Kapasita za maikrofaradi 2,000 zikijazwa volti 3,000 zinabeba jouli 9,000. Ni kidogo, pasi ya wati 1,000 inakula hiyo kwa sekunde 9. Siri ni kuitoa yote ndani ya milisekunde, na hapo ndipo uga unapofika tesla 3 na kuendelea, kiasi ambacho neodimiamu inataka ili ijae. Feraiti inatosheka na kama tesla 1, alniko chini ya hapo sana, samariamu-kobalti inaweza kudai zaidi ya neodimiamu.

Kuna kitu kidogo kwenye saketi ambacho ni muhimu sana, daiodi ya kuzuia mkondo usirudi nyuma. Kapasita na koili vikiachwa vyenyewe umeme unapenda kwenda na kurudi, na huo wa kurudi ungefuta kile ulichotia sasa hivi. Koili nayo inapigwa kwa nguvu kubwa ya kujipasua kutoka ndani, kwa hiyo inafungwa kwa epoksi na pete ya chuma, na ya kiwandani inapozwa na maji maana inarudia kazi hiyo siku nzima.

Kwa nini wasitumie sumaku umeme ya kawaida iwashwe tu ikae?

Kwa feraiti na alniko inawezekana. Kwa neodimiamu shida ni kwamba chuma cha katikati ya sumaku umeme kinajaa kwenye karibu tesla 2, baada ya hapo ukiongeza umeme unaongeza joto zaidi kuliko uga. Koili isiyo na chuma inaweza kwenda juu zaidi lakini ukiiacha imewaka inaungua. Mpigo mfupi ndiyo njia ya kutokea.

Ila usiwe mfupi kupita kiasi pia! Neodimiamu inapitisha umeme, na mpigo wa ghafla unaamsha mikondo ya mzunguko ndani ya sumaku yenyewe inayopingana na uga, nje panajaa na katikati hapajajaa. Kipande kikubwa kinahitaji mpigo mrefu zaidi, ndiyo maana kapasita zake zinakuwa nyingi. Sumaku isiyojaa ni ya hatari kwa sababu mkononi inavuta vizuri tu, ila ikienda kwenye mota ikapata moto inashuka haraka kuliko mwenzake.

Pete moja ina ncha nane au kumi na mbili, wanafanyaje?

Wanatengeneza kifaa cha pete hiyo hiyo, mabati membamba yaliyopangwa, yana mifereji, waya mnene unapita mfereji mmoja ukienda na unaofuata ukirudi, kwa hiyo mpigo mmoja unaandika ncha zote kwa pamoja. Kila aina ya rota (sehemu ya mota inayozunguka) inataka kifaa chake. Na viwanda vingi vinaunganisha kwanza halafu ndiyo vinachaji, spika kwa mfano inagundishwa ikiwa haina usumaku, inasafishwa, kisha nzima nzima inawekwa kwenye mashine. Kuunganisha sumaku zilizokwisha kuchajiwa ni kazi ya kubana vidole na kukusanya vumbi la chuma.

Naweza kujitengenezea mashine ya kuchaji gereji?

Nakuomba usianze na kapasita za volti kubwa kama hujawahi kufundishwa. Hata ile moja ya microwave inaweza kuua, na inabaki na umeme baada ya kuchomoa plagi, sembuse benki nzima. Watu wenye ujuzi wanatengeneza kweli, wakiwa na kizuizi cha kumwaga umeme, ngao ya mbele ya koili kwa sababu kipande kisichokaa sawa kinarushwa, na hakuna mtu mwenye kifaa cha moyo karibu. Ukitaka kujifunza salama anza na koili ya betri ya volti 12 na kipande cha chuma kigumu cha zamani, sindano au tupa iliyochakaa, utaona inashika usumaku na utaelewa mengi. Neodimiamu hutaiweza hivyo.

Magneto ya bodaboda yangu imeisha nguvu, nikachaji?

Mara nyingi sana sumaku haina kosa. Feraiti ni ngumu kufutika kwa matumizi ya kawaida, na tofauti na neodimiamu, ikipata joto ndiyo inazidi kukataa kufutwa ingawa nguvu yake inapungua kidogo mpaka ipoe. Angalia kwanza koili za ndani kama zimeungua, angalia kama kipande cha sumaku kimebanduka au kupasuka, angalia rektifaya (kifaa cha kunyoosha umeme). Alniko ndiyo ya kuogopa, spika au mita ya zamani ukiitoa sumaku kwenye chuma chake tu inapungua nguvu palepale, kwa hiyo usiifungue kama huna mahali pa kuichajisha.

N35, N52, SH na UH maana yake nini?

Namba ni kiwango cha juu cha nishati ya sumaku, kubwa ni kali zaidi. Herufi ni uvumilivu wa joto: isiyo na herufi karibu nyuzi 80, M 100, H 120, SH 150, UH 180, EH 200. Sasa mtu ananunua N52 tupu kwa sababu namba ni kubwa, anaiweka kwenye mota inayofika nyuzi 120, baada ya mlima mmoja imepungua. Kwenye mota mimi nachagua herufi kwanza, namba baadaye. Herufi za juu zinapatikana kwa kuongeza disprosiamu au terbiamu, madini adimu na ghali, na Aprili 2025 China iliyaweka haya mawili kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali ili zitoke nje ya nchi pamoja na sumaku zenye madini hayo, na kwa kuwa sumaku nyingi za neodimiamu duniani zinatengenezwa huko viwanda vya magari vya nchi nyingi vilihisi hapohapo.

Naweza kuitoboa au kuikata?

Neodimiamu na feraiti usizitoboe kwa drili ya kawaida, zinapasuka vipande vikali. Vumbi la neodimiamu linashika moto, na ukivunja koti kutu inaanza. Agiza yenye tundu tayari.

Afrika Mashariki tuna madini haya, mbona hatuna kiwanda?

Madini ya neodimiamu na ndugu zake yapo. Tanzania kuna Ngualla mkoani Songwe, leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023 na serikali ina hisa asilimia 16. Burundi walichimba Gakara kuanzia 2017 mpaka serikali iliposimamisha mwaka 2021, na mzigo ulikuwa unatoka nchini ukiwa makinikia (mchanga wa madini ambao haujatenganishwa). Kenya kuna Mrima Hill kule Kwale.

Kati ya mgodi na sumaku kuna hatua ngumu sana, kutenganisha. Madini haya ni ndugu kumi na kadhaa yanayofanana kikemia, unayapitisha kwenye mamia ya matangi ya asidi na vimiminika, kila tangi linatenganisha kidogo tu, halafu oksidi inageuzwa metali kwa umeme kwenye chumvi iliyoyeyuka, ndipo uanze zile hatua nilizoeleza. Mimi naamini mahali pa kuingilia kwa sasa ni mwisho wa mnyororo, kuleta vipande visivyochajiwa, kukata, kupaka, kuchaji na kuunganisha mota hapahapa, kwa sababu soko la pikipiki za umeme liko Nairobi, Kigali, Kampala na Dar na vifaa vyake si vya mabilioni. Vyuo vya ufundi vingeanza na mashine moja ya kuchaji tu tungepata mafundi wanaoielewa kazi hii.

Mota ya tairi ya pikipiki ya umeme ilipata moto, nitajuaje kama sumaku zimekufa?

Chomoa nyaya tatu za fezi kwenye kontrola, zungusha tairi kwa mwendo unaoujua, kwa drili au kwa pikipiki nyingine, pima volti za AC kati ya fezi na fezi, linganisha na mota nzima ya aina hiyohiyo kwa mwendo uleule. Zikiwa chini kwa jozi zote tatu sawasawa, sumaku zimeshuka. Jozi moja tu ikiwa tofauti, shida iko kwenye waya au koili. Sumaku zilizoshuka kwa joto bila kupasuka wala kuota kutu ndani kinadharia zinachajika upya zikarudi, lakini inahitaji kifaa cha rota hiyo hasa, kwa hiyo hapa kwetu fundi anabandua na kuweka mpya zenye herufi ya juu zaidi, akihakikisha ncha zinapishana kaskazini kusini mzunguko mzima kabla gundi haijakauka.